Kitabu cha Ndege cha Mwalimu Zubeda

Kila mwaka vijana wanaotoka vyuo vya utalii hapa Arusha hupanda mpaka kwangu Kimandolu, hupiga hodi, husema shikamoo mama, na kabla chai haijamiminwa huniuliza swali lile lile: "Mama, ninunue kitabu gani cha ndege?" Wengine huja na kalamu mkononi. Wanataka jina la kitabu, waandike, waende zao. Sijawahi kumtajia mtu jina. Siyo uchoyo. Vitabu hubadilika, na duka la mjini huwa na kile kilichopo. Kijana akishajua anachokitafuta atachagua mwenyewe, hata akiwa na muuzaji anayetaka kufunga duka.

Leo nimeamua kuandika mara moja, msome mkiwa kwenu. Majani ya chai yamepanda bei.

Naitwa Eliakunda. Nimezaliwa Nkoaranga, kwenye mteremko ambao mgeni huuita njia ya mazoezi na sisi tukauita njia ya dukani. Nimeongoza wageni kwa gari na kwa miguu mpaka magoti yakakataa. Vijana wa mjini waliniita Mama Darubini, kwa sababu nilikuwa naivaa shingoni hata kanisani. Mchungaji aliwahi kuniuliza kama kuna kitu nisichokiona vizuri kutoka kiti cha mbele. Nilimwambia kuna mbayuwayu kwenye boriti, juu ya kwaya. Akaniacha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Joramu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyarudia. Siku ya kwanza nilimwonyesha kitabu nilichokuwa nimenunua, kipya, kinanukia. Hakutazama tai wala mbuni. Alikifungua kwenye kunguru.

"Kunguru wa kwenu amevaaje?"

Nikamwambia mweusi, na kifuani kama fulana nyeupe.

"Humu yumo?"

Hakuwamo. Walikuwamo kunguru weusi watupu, wa mahali ambako mimi sijafika.

"Basi hiki ni kitabu cha watu wengine," akasema, akanirudishia.

Mpaka leo sijaona mtihani mzuri zaidi ya huo. Ukiwa dukani, usianze na ndege unayeota kumwona. Anza na yule anayekula makombo mlangoni kwenu. Kama kitabu kimemkosea huyo, na wewe unamjua, kitakukosea na yule usiyemjua, na hutagundua. Niliwahi kuwa na mgeni mmoja mwenye kitabu cha nchi za kusini kabisa mwa bara hili. Alikuwa mtu mwenye bidii. Kwa siku zote alizokaa nasi aliwatambua ndege wengi ambao hawapo Tanzania. Aliondoka ameridhika, na nadhani ndege pia hawakuudhika.

Tazama pia gundi. Kitabu hukaa kwenye gari, gari hukaa juani, na gundi ya vitabu vingine hulainika kama siagi. Cha mwenzangu mmoja kilidondosha kurasa za bundi Tarangire, upepo ukazichukua. Wageni wake hawakuona bundi safari nzima. Bundi walikuwapo, ila wageni hawakuwa na pa kuwaweka.

Na uzito. Kitabu kinachobaki hotelini kwa sababu ni kizito ni samani.

Lakini haya mtajifunza wenyewe kwa kulowa na kuungua. Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya Mwalimu Zubeda, maana tangu nimpeleke yeye Nkoaranga, nikiulizwa habari ya vitabu, ndiye anayenijia kichwani.

Alikuwa miongoni mwa wageni wangu wa mwisho. Kijana wake, Salimu, ni mhasibu hapa mjini. Alinipigia simu akasema mama yake anapanda kutoka Pangani na anataka kumwona ndege mmoja.

"Ndege gani?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo penye shida," akasema.

Walikuja nyumbani kwangu jioni. Mwalimu Zubeda alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa baibui na miwani mizito, na alifundisha Kiswahili maisha yake yote. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwambia, "Mwalimu, nimesikia unatafuta hii ndege moja."

"Ndege huyu mmoja," akasema. "Endelea."

Alinieleza kwamba ana presha ya macho, na daktari amemwambia kilichokwishapotea hakirudi. "Jicho la kulia limeshafunga mlango," alisema. "La kushoto bado linapokea wageni, lakini halisemi mpaka lini."

Ndege mwenyewe alikuwa wa marehemu mume wake. Bwana Hemedi alikuwa bwana shamba wa kahawa, na akiwa bado kijana, kabla hawajaoana, alipangiwa kazi huku kwetu mlimani. Siku moja ya mvua aliteleza kwenye njia ya Nkoaranga akavunjika paja. Akalazwa hospitalini hapo hapo mlimani, chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka akaanza kuamini kwamba hatatembea tena. Akakataa chakula. Ila kila alfajiri kulikuwa na ndege anayekuja nje ya dirisha na kulia. Hemedi akaanza kumsubiri. Kumsubiri kukampa sababu ya kuifikia asubuhi, na asubuhi zikawa nyingi, na mfupa ukaunga.

"Alituhadithia maisha yake yote," Mwalimu alisema. "Mtoto akiugua, atahadithiwa ndege. Jirani akifiwa, ndege. Alipougua yeye mwenyewe mara ya mwisho nilitaka nimhadithie mimi, nikakuta sina cha kusema, sijawahi kumwona. Sasa nataka nimwone kabla mlango wa pili haujafungwa."

Nikamuuliza Hemedi alisema ndege huyo alikuwaje.

"Kijani. Na mwekundu. Mkia wake mrefu. Shingoni ana kitu kama mkufu."

Salimu akasema polepole, "Nilipokuwa mdogo hakuwa na mkufu. Mkufu ulikuja nikiwa sekondari."

"Ndege hukua," mama yake akamjibu.

Salimu alikuwa amemnunulia mama yake kitabu. Kilikuwa kizuri, cha picha za kamera, na kilikuwa na ndege wa Afrika nzima. Alikibeba kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa amekipitia ukurasa kwa ukurasa kwa kioo cha kukuzia, na kila penye kijani na nyekundu alikuwa ameweka kipande cha ukili wa kusukia mikeka. Kitabu kilikuwa kimeota ndevu. Palikuwa na kasuku wa Kongo na ndege wengine wa misitu ya mbali ya magharibi ambao ili wafike Nkoaranga ingebidi wapande ndege.

Nikamwambia, "Mwalimu, hiki kina ndege wengi mno. Wengi wao hawajawahi hata kupita angani kwetu."

Akafikiri. "Ni sawa na kumtafuta mwanafunzi wangu kwenye rejista ya nchi nzima."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi lete rejista ya darasa."

Nikaleta changu, kidogo, cha ndege wa Afrika Mashariki, cha michoro. Vijana wengi hudhani picha ya kamera ndiyo ya kweli zaidi. Picha ya kamera inakuonyesha ndege mmoja, siku moja, kwenye mwanga ambao mpiga picha aliusubiri. Msituni kwetu mwanga haukusubiri wewe. Mchoraji mzuri anakuchorea dume, jike, kinda, na namna anavyoonekana akiruka, halafu anakuonyesha kwa kijistari ni alama gani utazame. Kisha kuna ramani ndogo. Isome ramani hiyo kabla ya rangi. Na hata ramani isikudanganye: Kikwe na Nkoaranga ni wilaya moja, lakini ndege wa Kikwe, kule chini kwenye joto, hapandi kwetu bila sababu. Watu wa Kikwe nao ni hivyo hivyo.

Mzee Joramu alikuwa akisema rangi ndiyo ya mwisho kuuliza. Kwanza mahali, kisha ukubwa, kisha anafanya nini, kisha sauti. Kwa hiyo nikamuuliza Mwalimu kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza: ndege huyo alikuwa akiliaje?

Mwalimu alimtazama Salimu. Salimu akatazama sakafu. Inaonekana Hemedi alikuwa akimwigiza. Mwalimu akaweka kikombe chini, akarekebisha mtandio, akaigiza.

Ilianza kama punda na ikaishia kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Mbwa wa jirani alisimama.

"Na mabawa?" nikauliza.

"Alisema akipita juu ya bati ilikuwa kama mtu anayekung'uta mkeka."

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nimemjua. Kila mtoto wa Nkoaranga anamjua. Ni hondohondo, yule mkubwa. Ni mweusi, tumboni chini ana weupe, na juu ya mdomo amebandikwa kitu kama ndizi iliyozidi kuiva. Hana kijani. Hana nyekundu. Shangazi yangu alikuwa akimrushia mawe.

Salimu alinifuata getini.

"Umemjua, mama?"

"Nimemjua." Nikamweleza alivyo.

Akageuka kuangalia kama mama yake anatusikia. Kisha akasema, "Si kuna ndege wa kijani na nyekundu huko juu? Nimesoma."

"Yupo. Shorobo."

"Mwonyeshe huyo. Mwambie ndiye." Sauti yake haikuwa ya mtu mjanja. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Amebakiwa na jicho moja, mama. Sitaki alitumie kwa hicho ulichonieleza."

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia tuonane asubuhi, na avae viatu vyenye meno.

Asubuhi tulianza kupanda taratibu kati ya kahawa na migomba. Njia ilikuwa imelowa. Mwalimu alishika mkono wa Salimu na kila hatua aliijaribu kwanza, kama anayeonja chumvi. Alisema sasa anaelewa paja lilivyovunjika, na kwamba anashangaa kwa nini lilivunjika moja tu.

Tulipofika kwenye korongo lenye mto, mahali ambapo miti mikubwa imeachwa kwa sababu hakuna anayeweza kulima hapo, shorobo akatokea. Mnamjua shorobo. Akitulia ni kijani, unaweza kumpita. Akiruka, anafungua mabawa, na ndani ni mekundu kama kitambaa cha madhabahu. Alivuka korongo mbele yetu, polepole, jua likiwa limempata. Katika miaka yangu yote sijaona shorobo aliyejionyesha kwa wema namna ile.

Mwalimu alisimama. "Nimemwona," akasema. "Kijani. Na mwekundu." Akanigeukia. "Mwanangu. Ndiye?"

Salimu alinitazama.

Vijana, hakuna anayewafundisha jambo hili chuoni. Ndege alikuwa mzuri, mama alikuwa na furaha, na neno lililotakiwa lilikuwa moja. Angeshuka nalo Pangani. Lakini nilikuwa nimemsikia akiigiza sauti ile barazani kwangu. Mtu anayekaribia kuishi kwa masikio huwezi kumdanganya kwa rangi kwa muda mrefu. Siku moja, gizani mwake, angekaa akilinganisha ndege niliyempa na sauti aliyoachiwa na mumewe, na angeona havifanani, na asingekuwa na wa kumuuliza.

"Huyo ni shorobo, mwalimu," nikasema. "Ni mzuri, na umemwona kweli. Lakini siye wa mumeo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi twende kwa wa mume wangu."

Salimu hakunisemesha mpaka tulipovuka daraja. Baada ya daraja pia hakunisemesha.

Halafu ukungu ukashuka. Ukungu wa Meru haukuarifu. Tukakimbilia, kwa mwendo wa Mwalimu, nyumbani kwa binamu yangu Frida, ambaye shamba lake linapakana na korongo. Frida alitutolea benchi barazani na maziwa ya moto, nikamuuliza hondohondo wake wanaendeleaje.

"Wale wa kelele?" akasema. "Tangu mkuyu umalize matunda wamehamia ng'ambo. Tumelala vizuri wiki hii."

Nilikunywa maziwa yangu. Salimu alitazama saa. Mwalimu alikuwa amechoka, na nilijua hatapanda mlima huu mara ya pili. Nilikuwa nimemnyang'anya ndege wa kijani, na sikuwa na wa kumpa badala yake. Nilifungua kitabu nikajifanya nasoma. Hiyo nayo ni kazi moja ya kitabu cha ndege, na hawaiandiki kwenye jalada.

Mvua nyepesi ikapita. Ukungu ukaanza kupanda kutoka korongoni vipande vipande. Mwalimu alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akainua uso kabla mimi sijasikia kitu.

"Mkeka," akasema.

Nikasikia na mimi. Fuu, fuu, fuu, juu ya bati la Frida, kitu kizito kikipiga hewa. Wawili wakapita wakatua kwenye mti mkavu ukingoni mwa korongo, wazi kabisa. Dume akainua ule mdomo wake wenye ndizi na akatoa kila alichokuwa nacho. Punda. Kabati. Bonde zima likajibu. Frida akasema wamerudi, kwa sauti ya mtu anayeona kodi imerudi.

Mwalimu alikuwa ameshasimama. Nilimpa darubini, nikamwonyesha aweke upande mmoja tu kwenye jicho la kushoto, nikaushika mkono wake usitikisike. Alitazama kwa muda mrefu. Dume alilia tena, na midomo ya Mwalimu ikawa inafuatisha, bila sauti.

"Ni yeye," akasema. Hakuniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Ni mweusi."

"Ndiyo."

"Na hicho alichobeba usoni?"

"Ni sehemu ya mdomo. Kina uwazi ndani, hakimlemei."

"Kinamlemea anayetazama."

Salimu akasogea. "Mama, baba hakuwahi kumwona. Alikuwa amelala chali. Zile rangi alizitia mwenyewe." Alisema kwa upole, kama anayemwombea marehemu radhi.

Mwalimu alishusha darubini. Mabega yakaanza kutikisika, na Salimu akamshika akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi.

"Unajua baba yako alivyoniposa?" akamuuliza. "Alikuwa amerudi Pangani, anatembelea mkongojo. Akawa anapita nyuma ya shule kila asubuhi, nami nafundisha ndani. Hajaniona hata kisigino. Amesikia sauti tu, ng'ambo ya ukuta, nikiwafokea watoto. Akaenda kumwambia mama yake amepata mwanamke mzuri kuliko wote walioko Pangani. Mama mkwe akaja kunitazama." Akajifuta macho. "Alinihadithia miaka mingi baadaye. Alirudi nyumbani akamwambia mwanawe, 'Hemedi, huyo uliyenielezea sikumkuta. Nimemkuta mwingine.' Naye akajibu, 'Huyo huyo.'"

Salimu alikaa kwenye benchi kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari alimtazama yule ndege, na hakuutoa uso wake pale.

Wale wawili walikaa mtini mpaka maziwa yakapoa. Mwalimu akaomba kitabu, kile kidogo. Nikamfungulia ukurasa, akakiinamia kwa kioo chake. Alitazama dume, akatazama jike, akafuata kijistari kwa kidole. Akaniuliza kama kitabu hiki kinapatikana mjini. Nikamwambia achukue hicho hicho, kimeshazoea kulowa.

"Na haya maandishi ya Kizungu yanasemaje?"

Nikamtafsiria. Anaishi misitu ya milimani. Hula matunda. Hutembea wawili wawili. Nilipofika kwenye sauti nikasita, maana mwandishi hakuwa na simile: alisema mlio wake ni mkali, wa kukwaruza, wenye kuudhi masikio.

Nikamsomea kama ilivyoandikwa.

Mwalimu Zubeda akafunga kitabu, akakiweka mapajani, akakifunika kwa ncha ya mtandio kisipate unyevu.

"Huyo mwandishi," akasema, "hajawahi kulazwa."